Vikonyo vya Bwana Shamba

Bwana Shamba hakupenda kusaidiwa, na papo hapo alipenda kulalamika kwamba hasaidiwi. Ukimshika mkono avuke kizingiti, alikutoa kwa kiwiko. Ukimwacha avuke mwenyewe, alisimama katikati ya mlango akanung'unika kwamba watu wa Makambako hawana malezi. Mimi yote mawili yalinipata kwa miaka mingi, hadi nikajifunza kumsaidia kama vile simsaidii. Nilisimama pale mkono wake utakapotua, nikajifanya natazama kitu kingine.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake zilisomwa siku ya mazishi, na waliozisoma wanazijua kuliko mimi. Mimi nilimjua kwa vidole vyake. Nilimwona kwanza Njombe mjini, nilipokuwa mchapaji katika stesheneri ya mtu, naye ofisa ugani aliyeleta ripoti zake zimeandikwa kwa mkono, mistari imenyooka kama matuta. Nikikosea herufi moja alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nirekebishe, na pumzi yake nikaisikia shingoni. Baadaye nilifungua duka langu mwenyewe Makambako, si mbali na njia panda, naye akastaafu akarudi kwenye nyumba yake ya huku, mtaa wa juu, ambako upepo hauna adabu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mchungaji alipomwombea kanisani alisema "mtumishi wako Bwana Shamba," na sidhani kama Mungu alichanganyikiwa.

Niseme mapema alichokuwa akitafuta, maana bila hilo hata mimi nisingemwelewa. Enzi za kazi yake, katika kijiji kimoja upande wa Kifanya, watu walilima vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi yenyewe: mahindi ya kuchoma, maharage, kabichi. Ila kila Juni baridi iliteremka bondeni, umande ukaganda, na asubuhi maharage yakakutwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Bwana Shamba aliumia nao. Akafikiri, akaleta dawa: pandeni milingoti, ile ambayo wengine huiita mikaratusi, kuzunguka bonde, izuie baridi isiteremke. Wakapanda. Milingoti haijui kuchelewa. Ikakua, ikazuia baridi kweli kweli, na maharage yakapona kwa miaka kadhaa. Kisha kijito kikaanza kupungua, na vinyungu vikakauka kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kukauka kilikuwa cha shemeji yake, dada mkubwa wa mke wake.

Bwana Shamba alitaka kujua jambo moja: ni milingoti yangu, au ni mvua zilizobadilika? Hakuna siku aliyokuja dukani kwangu kwa ajili ya jambo jingine, ingawa kila siku alianza kwa jambo jingine.

Kompyuta yake ya mapajani aliletewa na binti yake, mwalimu wa huko Iwawa. Siku ya kwanza alipoifungua mbele yangu nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Alikuwa ameandika kwenye kisanduku cha kutafutia: "Yah: Naomba kufahamishwa kuhusu athari za milingoti kwa vyanzo vya maji. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Alimwandikia mtandao kama anavyomwandikia mkurugenzi. Majibu yalipokuja yalikuwa vurugu: matangazo ya kubeti, mwanamke anayecheka na dawa ya meno, kurasa za Kiingereza kigumu, na vitufe vinavyokukwepa kila ukitaka kuvigusa.

"Hili ni gulio," akasema. "Mimi nataka maktaba."

"Mzee, maktaba imo humo humo ndani ya gulio. Ngoja nikuwekee kitu."

Nikamwekea kile kijiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari kinachozuia matangazo. Sisi mafundi huviita ekstensheni. Ukurasa ule ule ukafunguka tena, safari hii umetulia, maandishi matupu na picha ya mti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza kama kivinjari ni kile kile. Nikamwambia ni kile kile, ila kimeongezewa.

"Kumbe ni kubebesha," akasema. "Shina la kienyeji, kikonyo cha kisasa. Kama parachichi."

Nyanda zetu hizi kila mtu siku hizi ana mche wa parachichi uliobebeshwa, kitawi cha mti mmoja kimeungwa kwenye shina la mwingine, kwa hiyo sikuhitaji maelezo. Tangu siku ile akaviita vikonyo. Akiingia dukani, kabla hata sijamwamkia, atauliza, "Fundi, leo tunabebesha nini?" Nami hupenda kuulizwa hivyo, niseme ukweli. Wateja wengi huja kwangu wakitaka picha ya pasipoti na waondoke.

Tukabebesha vingi. Kimoja ukibofya neno mara mbili kinakuletea maana yake palepale, usiachane na ukurasa. Kingine ukilivuta neno likageuka bluu, ukibofya kulia, kinalitafuta bila kuandika herufi hata moja. Kingine kinahifadhi ukurasa usomeke umeme ukikatika au bando likiisha. Kingine kinasoma kwa sauti, sauti ya mwanamke anayezungumza Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye treni jana. Huyo aligombana naye. Akikosea mkazo wa neno Bwana Shamba alimsahihisha kwa sauti kubwa, akasubiri, akashangaa kwamba hakushukuru.

Alikuwa na kanuni yake, nayo aliihubiri kwa wakulima kabla hajaihubiri kwangu: tuta moja kwanza. Mbegu mpya usiimwage shamba zima; panda tuta moja, ulitazame msimu mzima, kisha uamue. Kwa vikonyo alifanya hivyo hivyo. Kila kimoja alikipa wiki mbili peke yake, akaandika kwenye daftari mazuri yake na mabaya yake, na kama hakikumridhisha aliniamuru nikitoe huku akinitazama kama mimi ndiye niliyekitengeneza. Kimoja kilitaka ruhusa ya kusoma kila anachofungua. Alikikataa kabla sijamaliza kumweleza. "Mtu hakujui, anataka funguo za ghala," akasema, na hapo alikuwa sahihi kuliko wateja wangu wote wenye digrii.

Siku moja kanuni hiyo nilimrudishia mwenyewe. Nilikuwa na hasira zangu, mashine ya kuchapia imegoma, na yeye ananifundisha subira. Nikasema, "Na lile bonde, mzee, ulianza na tuta moja?"

Alifunga kompyuta taratibu. Akaiweka kwenye mfuko wa turubai, akafunga kamba ya mfuko, mafundo mawili, akatoka. Hakukanyaga dukani kwangu kwa mwezi mzima. Nilimtumia salamu kupitia mke wake, Mama Tumaini, mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba Bwana Shamba anasalimu watu wote. Aliporudi hatukulizungumza, wala mimi sikuligusa tena. Nilijiona nimempiga mtu mzima.

Kisha kiharusi kikampata. Kilichukua upande wa kulia wote, mkono na mguu, na ulimi kikaufunga nusu. Maneno aliyabakiza ndani yote, unayaona machoni, ila yaliyotoka yalikuwa machache, mafupi, na kila moja lilimgharimu jasho. Mtu aliyehutubia vijiji akisimama juu ya kreti ya bia sasa alitumia dakika nzima kusema "maji" na ukamletea chai.

Nyumba yake ina ngazi tatu mlangoni, na baada ya ngazi kuna mteremko wa udongo mwekundu. Kiti cha magurudumu alicholetewa hakikuweza wala ngazi wala mteremko, kwa hiyo kilikaa sebuleni, karibu na dirisha, naye akakaa ndani yake. Hapo ndipo alipokaa. Kila nikienda nilimkuta pale pale, blanketi magotini, koti la sufu, kofia ya kufuma. Na dirisha lenyewe! Nje ya dirisha lile jirani amefungua uwanja wa nguzo. Nguzo za milingoti, zimemenywa magome, zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka zimefunika mlima. Kutwa nzima Bwana Shamba alitazamana na milingoti iliyolala. Nilimshauri Mama Tumaini amgeuze atazame upande wa pili. Akajibu kwamba alishamgeuza, na mumewe alijigeuza tena kwa mkono mmoja, nusu saa nzima akihangaika na gurudumu.

Mara moja kwa mwezi vijana wa usharika walimbeba hadi kwenye gari akapelekwa Njombe kwa mazoezi ya viungo. Nilimsindikiza mara tatu. Barabara ile unaijua, kushoto miti, kulia miti. Gari likishika njia alifumba macho, na aliyafumbua tu tulipofika mjini. Nilidhani analala, mpaka nilipoona mkono wake wa kushoto umeshika mlango kwa nguvu.

Mama Tumaini naye alifungwa pamoja naye. Alikuwa mcheshi tangu zamani, na ucheshi haukumwacha. "Mimi na hiyo kompyuta," aliniambia, "tuko wake wenza. Na huyo mdogo ndiye anayependwa." Alicheka, kisha akaingia jikoni akakaa muda mrefu kuliko chai inavyochemka. Kwa dada yake kijijini hakuwa amekwenda tangu ugonjwa uanze. Mgonjwa angemwachia nani?

Basi mimi nikawa napanda kule kila Jumamosi. Nilisema naenda kumjulia hali, lakini nilikwenda kwa sababu nilikuwa na deni la ile siku ya hasira zangu, na kwa sababu hakuna mwingine aliyejua vikonyo vyake. Kuandika hakuweza tena. Mkono wa kushoto ulijifunza kusogeza kipanya na kubofya, lakini herufi zilimshinda, na kikonyo cha kuandika kwa sauti nilichomjaribishia kilimsikia kama vile hakuzungumza. Akabaki na kimoja kilichomfaa, kile cha kuvuta neno na kulibofya. Alivuta neno lililopo kwenye ukurasa, likamfungulia kurasa nyingine, akavuta neno lililoko huko, akaendelea. Nilikisifu mno kikonyo kile. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba mzee wangu hakuweza kuuliza swali jipya. Aliweza kutafuta tu yale ambayo tayari alikwisha kuonyeshwa.

Na ni mimi niliyembebesha kile cha mwisho.

Alilalamika, kwa maneno yake machache, kwamba kila akitafuta habari za mlingoti anarudishiwa wauza miche wale wale. "Wale. Wale. Wale," akasema, akigonga meza. Nikamwekea kikonyo kinachoondoa kurasa usizozitaka. Kila jibu linalokuja, pembeni yake kuna neno dogo: ficha. Ukilibofya, tovuti ile haitakuja mbele yako tena, utafute mchana au jioni, leo au mwakani. Nilimwonyesha kwa muuza miche mmoja. Bofya, akatoweka. Bwana Shamba alicheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, cha kwanza tangu augue. Nilishuka mteremko ule nikipiga mluzi.

Miezi ilipita. Kila Jumamosi nilimkuta mtulivu kuliko iliyotangulia. Akinionyesha alichopata, kilikuwa kizuri: mlingoti ni mti wa manufaa, maua ya mlingoti hulisha nyuki, mlingoti ukipandwa mahali pafaapo hauna tatizo, mvua za nyanda za juu zimepungua. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilijiambia, labda kweli hakukosea. Mtu akiumwa unamtakia hata ushahidi umpendelee.

Kiangazi kile Mama Tumaini alikuja dukani kwangu peke yake, jambo ambalo halikuwa kawaida. Jirani alikuwa amebaki na mgonjwa. Alikaa, akakunja kanga yake mapajani, akaeleza. Kijijini kwa dada yake kamati ya maji ilitaka milingoti ya bondeni ikatwe, labda kijito kirudi. Wenye miti wakagoma, na msemaji wao alikuwa mzee mmoja mwenye miti mingi kuliko wote. Alichosema ni hiki: Bwana Shamba ndiye aliyetuambia tupande, basi Bwana Shamba mwenyewe ndiye atuambie tukate. Mtu mwingine yeyote, awe na vyeti vya nchi gani, hawamsikilizi. Wamekubaliana waje Makambako Alhamisi wamsikie kwa masikio yao.

"Na yeye anasema milingoti haina kosa," akasema Mama Tumaini. "Kutwa nakaa naye, naona anavyosoma. Lakini dada yangu anasema vingine. Nitafutie wewe, kwenye mashine yako, nisome kwa macho yangu."

Nikaandika maneno matatu tu. Ukurasa ukajaa majibu. La kwanza lilisema usipande mlingoti kwenye chanzo cha maji. La pili lilisema hivyo. La tatu lilieleza jinsi mizizi inavyofuata maji bondeni. La nne lilitaja mita sitini kutoka kwenye maji. Mama Tumaini alisoma polepole, kidole kikifuata mistari kwenye kioo.

"Mbona kwake hizi hazipo?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Na badala ya kumwambia, nikamwambia mtandao wa kule juu unasumbua. Nilimdanganya mtu ambaye alinipikia kande kila Jumamosi, na alinishukuru.

Nilifunga duka nikapanda mteremko mchana ule ule. Nilimkuta dirishani. Nikamwamkia, akaitika. Nikasema, "Mzee, naomba nione kikonyo cha kuficha." Hakunizuia. Alisogeza kiti nyuma kidogo, gurudumu moja tu, akanipisha.

Ndani ya kikonyo kile kuna orodha ya kila ulichoficha. Nilitegemea wauza miche. Wauza miche walikuwa watano, juu kabisa. Chini yao orodha iliteremka, ikateremka, nikasogeza na ikazidi kuteremka: magazeti, vyuo, watafiti, watu wa misitu, hata ukurasa wa kijiji fulani cha mbali ambako watu walikata miti yao. Kila ukurasa uliosema mlingoti umekunywa mto wa watu ulikuwa humo, umefukiwa.

"Umezificha bila kuzisoma?"

Alitikisa kichwa. "Nimesoma."

"Zote?"

"Zote."

"Sasa kwa nini, mzee?"

Mdomo ulihangaika. Mate yalimtoka pembeni, akayafuta kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena. "Zinarudi," akasema. "Kila siku. Zinarudi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kumwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba ana wageni Alhamisi, kwamba shemeji yake hana maji. Nilitaka pia kujipiga mwenyewe, maana silaha ile nilimpa mimi, nikamfundisha na kuilenga. Nikauliza kwa ukali, "Nikitoe?"

"Acha."

"Watakuja Alhamisi."

"Acha, fundi."

Nikaacha. Niliteremka nikiwa na siri ya mume kwa mke, na ya mke kwa mume, nisiweze kwenda mbele wala nyuma. Siku nne sikula vizuri. Ningemwambia Mama Tumaini, ningemvua nguo mgonjwa asiyeweza hata kujitetea. Ningenyamaza, bonde lingekauka mbele ya macho yangu nikiwa mmoja wa waliolikausha.

Alhamisi Mama Tumaini aliniita, eti mzee anataka kompyuta iwe tayari. Wageni walikuwa watatu: mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye ni mama wa makamo mwenye sauti ya kazi; mzee mwenye miti, mrefu, koti lake limefungwa vifungo vyote; na shemeji. Walisalimia kwa Kibena kwanza, kamwene zikazunguka sebule nzima, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu na kwa ajili ya shughuli. Bwana Shamba alikuwa amenyolewa. Alivaa tai.

Mwenyekiti alieleza shida, kwa kifupi na kwa heshima. Mzee mwenye miti akasema, "Bwana Shamba, sisi hatubishani na maji. Sisi tunakusubiri wewe."

Bwana Shamba akainua kidole cha kushoto, ishara yake ya zamani ya kuanza hotuba, na badala ya kuzungumza akakishusha kwenye kipanya. Alikuwa ameandaa ukurasa. Akabofya, na yule mwanamke wa ndani ya mashine akaanza kusoma, kwa mkazo wake wa ugenini, kwamba mlingoti ni mti wenye faida nyingi kwa jamii na kwamba ukipandwa mahali panapofaa haupunguzi maji kwa kiasi cha kutisha. Akasoma aya nzima. Mzee mwenye miti aliitikia kwa kichwa kila nukta, na mimi nilitazama miguu yangu.

Ilipofika mwisho wa aya, mwanamke akinyamaza kabla ya kuanza nyingine, shemeji akasema. Hakusema habari ya miti. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, viganja wazi.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuja kumwona mgonjwa na mikono mitupu. Toka asubuhi naona haya. Msimu kama huu ningekuletea mahindi ya kuchoma, ya kinyungu, yale uliyoyapenda. Sasa nimetoka nyumbani nikatafuta cha kubeba, hakuna. Nisamehe sana."

Kwetu huku huendi kwa mgonjwa hivi hivi. Hata fukara hubeba mayai mawili kwenye khanga. Mama Tumaini aliinuka haraka kumwambia dada yake yaishe, hakuna neno, karibu tu. Lakini Bwana Shamba alikuwa ameshafunga kompyuta. Mwanamke alianza aya ya pili, akakatika katikati ya neno.

Uso ulimcheza upande mmoja. Alivuta pumzi mara mbili. Mama Tumaini akataka kumsaidia, kama kawaida yake kumalizia sentensi zake, na mumewe akamtoa kwa kiwiko.

"Ni mimi," akasema.

Mwenyekiti akainama mbele kusikia vizuri.

"Mti... mimi. Maji... mimi." Jasho lilimshuka hadi kwenye tai. "Ni-me-soma. Najua. Kateni."

Shemeji alijifunika uso kwa khanga. Mama Tumaini alimtazama mumewe, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa hata lile la mtandao unaosumbua. Sikuwa na pa kuficha macho.

Mzee mwenye miti hakuinuka. Alifungua kifungo kimoja cha koti, akauliza taratibu, sauti imepoteza ubishi, "Bwana Shamba, tukikata, maji yatarudi?"

Nilimjua mtu huyu tangu Njombe. Nilimwona akiulizwa habari za fangasi wa viazi, habari za kwato za ng'ombe, habari za ndoa, na mara zote alikuwa na jibu kabla swali halijakaa chini. Nilimwona akifungua mdomo sasa, na kwa hofu nikadhani atasema ndiyo, ili tu wakate, ili tu aachiliwe.

"Sijui," akasema Bwana Shamba.

Lilitoka zima, halikukwama popote. Nadhani hata yeye alilishangaa, maana alilirudia, polepole zaidi, akimtazama shemeji yake na si yule aliyeuliza. "Sijui, shemeji."

Mzee mwenye miti alikifunga tena kile kifungo cha koti. Kisha akamgeukia mwenyekiti wa kamati.

"Jumatatu leteni misumeno," akasema. "Angeniambia yatarudi, kwa uhakika ule ule aliotupandishia miti, nisingekata hata mmoja."